Nilivyomzuia mbweha wa kijivu asimalize kuku wangu, bila kumuua

Kama unafuga kuku huku Texas na umeambiwa uinue uzio ili kumzuia mbweha, usitoe hela kwanza. Kila niliyemlalamikia alinipa ushauri huo: jirani, muuza chakula cha mifugo, hata kaka yangu aliyeko Kilifi. Uzio ukapanda hadi futi nane, dola mia kadhaa zikaondoka. Wiki ile ile tetea mwingine akatoweka. Wavu mzima, chini hapajafukuliwa, manyoya machache tu.

Nikafunga kamera inayojiwasha yenyewe usiku, ikielekea mti wa mwaloni ulio nje ya uzio. Video zile sichoki kuzitazama mpaka leo. Giza likishaingia anatokea: kamnyama kembamba, mgongo wa kijivu, shingo na miguu ya rangi ya kutu, na mstari mweusi juu ya mkia hadi nchani. Anaukumbatia mti kwa miguu ya mbele, anajisukuma kwa ya nyuma, anapanda kama mkwezi wa minazi. Juu anatembea tawini bila haraka, anatega masikio kuelekea bandani, kisha anajiachia ndani ya uzio. Kutoka anapandia wavu wenyewe, kuku mdomoni!

Walionishauri walikuwa wakimfikiria mbweha mwekundu, yule mwenye ncha nyeupe mkiani. Huyu wa kijivu ana kucha zilizopinda, na miguu yake ya mbele inageuka kiasi cha kushika shina. Mtini ndiko anakomkimbia koyote, yule mbwa mwitu wa Amerika, ndiko anakochuma matunda, na huweza hata kuzalia kwenye pango la mti.

Ushauri wa pili ulikuwa nimtege nikamwachie mbali. Texas imekataza watu kuwasafirisha mbweha hai kiholela kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Magharibi ya hapa ugonjwa huo ulienea miongoni mwa mbweha hawa hawa, na tangu 1996 ndege za serikali zikawa zinawadondoshea chambo chenye chanjo. Umpakie garini umpeleke kwa nani? Na aliyeniambia nitege sumu sikumjibu. Sumu haichagui, inaua bundi na mbwa wa jirani. Isitoshe ilikuwa majira ya kuchipua, msimu wa watoto, na dume naye huwinda kuwalisha. Sikuwa tayari kuua familia nzima kwa ajili ya banda lisilo na paa.

Basi nikaezeka. Nguzo nilikata miti ya mireteni ya shambani kwangu, bure kabisa. Wavu usiwe ule mwepesi wa matundu ya pembe sita. Ule unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Chukua wa chuma kigumu, matundu ya nusu inchi. Ukutani uteremshe mpaka chini, halafu uukunje kuelekea nje na kuufukia.

Usiku wa kwanza kamera ilimwonyesha juu ya paa. Alipita ukingo wote, pua chini, akisukuma kwa mguu kila mahali nilipounganisha wavu. Kwenye pembe ya mlango alikaa muda mrefu, akang'ata waya, akavuta. Asubuhi nikashona pembe ile upya kwa waya mara mbili. Hakuingia, na sijapoteza hata kifaranga tangu hapo.

Bado wanapita, yeye na jike lake. Panya wa ghalani wamepungua, na mavi yao juu ya mawe yamejaa mbegu za persimoni, matunda matamu ya porini, kwa hiyo miti hiyo siikati. Matawi yaliyoegemea banda niliyakata, kuku wanafungiwa kabla ya magharibi, na mbwa wangu anachanjwa kila inapotakiwa. Komeo la kugeuza halitoshi mlangoni kwa sababu ya rakuni, mnyama mdogo wa usiku anayefungua vitu kwa vidole. Weka ndoano yenye kufuli.