Joka la Soweto

Mtoto wa kaka amekuja likizo na PlayStation yake. Juzi jioni aliiwasha sebuleni, ikamuuliza anataka ugumu wa kiasi gani. Mchezo ni God of War ile ya 2018, na levo yake ya chini kabisa imeandikwa kama ombi: nipe hadithi. Akairuka bila hata kuisoma. Nikamuuliza kwa nini.

"Hiyo ya wasiojua kucheza, shangazi."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Soweto ya Mbeya, kwenye kile kibanda cha mabanzi nyuma ya mashine ya kusaga, mwezi wa sita, baridi inapita kwenye nyufa na sisi tumebanana kwenye benchi. Nilikuwa kidato cha pili. Hela yangu ilikuwa ya nauli: nikitoka shule naziacha daladala zinipite, natembea hadi Kabwe, nashuka Soweto, na jasho la njiani linanigandia mgongoni. Ile nauli ilinunua nusu saa ya kucheza. Braza, mwenye kibanda, alikuwa na saa ya mezani juu ya televisheni, na alikuwa mkali nayo.

Wavulana walikuja kwa ajili ya mpira. Mpira hauna shida, unalipia mechi, mnafungana, mnapokezana. Mimi nilitaka God of War ya kwanza, ile ya PlayStation 2 iliyotoka 2005, kwa sababu nilikuwa nimeona mwanzo wake na sikuweza kulala bila kujua yule Kratos, shujaa wake, anakwenda wapi. Kadi ya kuhifadhia mchezo ulipofikia ilikuwa moja, megabaiti 8, imejaa timu za wakubwa. Kwa hiyo kila nikija naanzia palepale: bahari ya Aegean, mvua, meli zinapondana, na Hydra, joka la vichwa vingi, linapasua mbao kutokea chini. Nusu saa inakwisha nikiwa bado melini.

Siku hiyo nilikufa, nikafa tena, nikafa tena palepale. Kisha kioo kikatulia na maandishi yakatokea katikati. Kwenye benchi lile mimi ndiye niliyekuwa nikisoma Kiingereza haraka, nikayasoma kimoyomoyo kwanza. Ilikuwa inauliza kama nataka kushusha ugumu.

"Imeandikaje?" mmoja akauliza. Nikawaambia.

"Kataa!" Kibanda kizima. "Kataa, sista, usijidhalilishe!" Kuna aliyenishika bega. Pedi ya kuchezea ilikuwa imefungwa soltepu mgongoni, ile raba ya kidole gumba cha kushoto imetoka, umebaki mpini wa plastiki unaokwaruza ngozi, na alama ya X ilikuwa imefutika kabisa kwa vidole vya watu. Nilikiangalia kitufe kile kisicho na alama. Niliangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika chache, na kwenye dakika hizo kulikuwa na barabara yote ya kutoka shule, vumbi lake na malori yake ya kwenda Tunduma. Nikabonyeza ndiyo.

Kinachopungua ni makali ya mapigo tu. Bahari ni ileile na joka ni lilelile, ila likikung'ata hufi hapohapo. Nikapanda hadi kwenye kile kichwa kikubwa, nikabonyeza kitufe cha duara kila nilipoambiwa, kikachomwa na mlingoti uliovunjika, na wale wale waliokuwa wakipiga kelele wakasimama. Kratos akaingia mdomoni mwa joka. Kule kooni kulikuwa na nahodha ananing'inia, ufunguo shingoni, anashukuru kwamba mtu amemrudia. Kratos akachukua ufunguo, akamwachia aanguke. Hakuna aliyesema kitu. Mimi sikuwa nimewahi kukutana na shujaa wa namna hiyo, si kanisani, si kwenye vitabu vya shule, na usiku kucha nilimuwaza yule nahodha. Nusu saa yangu ilikuwa imepita zamani, na Braza alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, hakuigusa saa.

Tulipotoka, mdogo wake Braza akaniambia, kwa upole kabisa: "Umeonyeshwa. Hujashinda."

Nimelibeba neno lile miaka yote hii. Najua la kumjibu upande mmoja: yeye alicheza bure kila usiku baada ya kibanda kufungwa, angeweza kufa hadi alfajiri na asubuhi akaamka hana deni na mtu. Ugumu kwake haukuwa na bei, kwangu ulikuwa na bei ya nauli. Hapo sina wasiwasi, na kijana wangu wa sebuleni nitamwambia hivyohivyo akiwa tayari kusikiliza.

Ila wiki ile yule mdogo wake Braza alimaliza joka kwenye ugumu wa kawaida, na asubuhi alikuwa ananisubiri njiani anihadithie, pigo kwa pigo, mikono hewani. Nilimwonea wivu. Ningekuwa na usiku wake, pengine ningeujaribu na mimi.