Masizi Hayalali Kwangu Tena

Kwa miaka 14 koti langu la kazi ya zimamoto limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba tunacholala. Tunakaa Gongo la Mboto, chumba na sebule, na pengine pa kulitundika hapakuwepo. Nikitoka zamu nalikunja, nalitia kwenye mfuko wa salfeti, napanda nalo daladala. Abiria wakisikia harufu wanajisogeza. Nikifika nyumbani, binti yangu mdogo ananirukia shingoni hata viatu sijavua. Jumamosi mke wangu analoweka suruali yangu ya kazi. Maji yakiwa meusi anamwaga, anatia mengine, anafua mpaka yatakate, kisha beseni lilelile linapokea sare za shule.

Hakuna aliyetuambia kwamba hapo pana kosa. Mimi nimejua kwa sababu ya mtu tunayemwita Mjomba.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kazi. Kikosi chetu ni cha kampuni binafsi, tunahudumia maghala na viwanda upande wa Barabara ya Nyerere, na yeye alikuwa kiongozi wa zamu tangu mimi nikiwa kijana wa kukunja mipira ya maji. Mwaka juzi alianza kukojoa damu. Haikumuuma, kwa hiyo hakumwambia mtu. Amekulia bonde la Rufiji, utotoni aliwahi kutibiwa kichocho, na kwetu mtu akiona damu kwenye mkojo ndilo wazo la kwanza linalomjia. Akanunua dawa ya kichocho, damu ikakata, akashukuru Mungu. Baada ya miezi mitatu ikarudi. Safari hii mkewe aliiona chooni, akamfikisha hospitali kwa nguvu. Wakapitisha kamera, wakakuta uvimbe kwenye kibofu. Saratani.

Daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Hajawahi. Akamuuliza kazi yake, na aliposikia ni zimamoto akamweleza jambo ambalo kikosi kizima hatukuwahi kulisikia. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu 25 kutoka nchi 8 kuichambua kazi yetu. Tangu 2007 lilikuwa linasema tu kwamba huenda kazi hii inasababisha saratani. Sasa likaiweka Kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitishwa, pamoja na tumbaku na asbesto. Saratani mbili ushahidi wake ulitosha: ya kibofu cha mkojo, na ile ya utando unaofunika mapafu. Nyingine, kama ya tezi dume, korodani na utumbo mpana, zilionyesha dalili ingawa ushahidi haukufikia kiwango hicho.

Daktari hakumwambia Mjomba kwamba moto ndio uliomletea ugonjwa. Kichocho cha kibofu nacho kipo kwenye Kundi hilohilo la 1. Kichocho cha utotoni na moshi wa miaka 27, nani atavitenganisha ndani ya mwili wa mtu mmoja? Lakini kichocho alikipata akiwa mtoto anayeogelea na wenzake, hakuwa na la kufanya. Moshi alioula akiwa nasi sehemu yake kubwa ulizuilika, na hilo ndilo linaloniuma.

Sisi tuliamini adui ni ule moshi mzito tu, ule unaokufanya usione mkono wako. Huo tuliuogopa, tukavaa barakoa na mtungi wa hewa. Kasoro ilikuwa baadaye. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi shinikizo la bar 300 una hewa ya lita 1,800 hivi, na mtu anayevuta mpira na kubeba ngazi anaweza kumaliza lita 60 kwa dakika. Piga hesabu: nusu saa, basi. Mashine ya kujazia iko yadi, kituoni kwetu, na foleni ya Dar mnaijua. Kwa hiyo moto ukishalala, tukiingia kupekua majivu, kufumua magodoro na kung'oa mbao kutafuta makaa yaliyojificha, barakoa zilikuwa zinavuliwa. Ukichanganya na joto la Februari, kuivua unaona ni kupumzika. Tulipekua ghala moja la magodoro kule Vingunguti kwa saa nne, vichwa wazi, tukinywa maji ya chupa na kula mihogo kwa mikono ileile. Moshi ulikuwa umebaki kama mvuke wa chai. Humo ndimo kemikali za sumu kama benzini na fomaldehaidi zinapoendelea kutoka, bila kukuwasha macho vya kutosha ili ukimbie.

Na vinavyoungua vimebadilika. Babu zetu walilalia magodoro ya sufi juu ya vitanda vya mninga. Nyumba ya Dar ya leo ina godoro la sponji, kochi la sponji, zulia la nailoni, runinga, feni ya plastiki, na betri za kila namna. Vikishika moto vinatoa masizi yanayonata kama lami. Juu yake, kwenye majengo ya zamani, kuna mapaa ya asbesto yanayopasuka kwa joto na kumwaga vumbi. Marekani waliwafuatilia wazimamoto wapatao 30,000 wa San Francisco, Chicago na Philadelphia waliofanya kazi kati ya 1950 na 2009, wakakuta ile saratani ya utando wa mapafu inawapata kama mara mbili ya watu wengine. Ugonjwa huo unaweza kukaa miaka 20 hadi 50 kabla ya kujitokeza. Ghala uliloingia ukiwa kijana linakusubiri ustaafu.

Halafu ngozi. Hili ndilo lililonishangaza zaidi, maana nilidhani ukishalinda pua umemaliza. Masizi yanapita kwenye ngozi, hasa shingoni, kwenye taya, viganjani na kinenani, na ngozi yenye joto na jasho inapitisha zaidi. Sisi tunaofanya kazi kwenye mji huu tumelowa jasho hata kabla king'ora hakijalia.

Zamani tulikung'uta. Tukirudi, tunapiga makoti ukutani, vumbi linaruka, tunacheka, tunaingia kulala. Watafiti wa Marekani walipima njia za kusafisha nguo zilizotoka motoni, wakachapisha majibu mwaka 2017. Kupiga brashi kavu kulipunguza zile kemikali za masizi kwa asilimia 23 hivi. Maji, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi, palepale eneo la tukio, vilipunguza kwa asilimia 85. Kupangusa shingo kwa kitambaa chenye unyevu kulitoa zaidi ya nusu ya kilichokuwa juu ya ngozi. Niliposoma hayo niliwaza ukuta wetu wa yadi ulivyo mweusi.

Basi nilinunua kwa pesa yangu ndoo mbili, brashi laini na dumu la sabuni ya maji. Elfu ishirini na ushee. Mjomba, akiwa bado kwenye matibabu, ndiye aliyekuja yadi kutupangia. Alisema tufanye kama mtu anayetia udhu, kila kiungo kwa zamu yake na kisirukwe. Unatoka motoni, barakoa haivuliwi, mwenzako anakumwagia maji kuanzia kofia kushuka, anasugua kwa sabuni mabega, mikono, kifua, miguu, buti, anasuuza. Ndipo unavua, glavu zikiwa za mwisho. Kisha wewe mwenyewe: mikono, uso, puani, nyuma ya masikio, shingo mpaka kwenye ukosi. Kile kitambaa cha kichwani tunachokiita ninja kinaingia kwenye mfuko wake na hakivaliwi tena mpaka kifuliwe. Makoti yanafungwa kwenye mfuko wa plastiki na yanapanda nyuma ya gari, hayakai nasi mbele. Kuoga ni ndani ya saa moja, kabla ya chakula.

Vijana walipinga. Koti jeusi lilikuwa cheo. Mwenye koti safi alikuwa mgeni, na mmoja aliniambia, "Kaka, wewe unatufutia historia yetu." Sikumjibu vizuri siku ile. Nilipaswa kumpeleka kwa Mjomba.

Yapo yasiyo mikononi mwetu. Koti lililolowa ukiingia nalo kwenye moto, maji yanageuka mvuke na kukuunguza, kwa hiyo kufua vizuri kunataka kila mtu awe na seti ya pili. Nimeandika barua tatu kwa mwajiri, nimejibiwa moja, kwamba suala linashughulikiwa. Magari ya dizeli bado yanawashwa asubuhi chini ya bati lilelile ambalo ubavuni mwake ndiko tunalala, na moshi wa dizeli upo Kundi la 1 tangu 2012. Nitaandika ya nne.

Wenzangu mlio vikosini, anzeni daftari. La mistari, la dukani. Tarehe, mahali, kilichoungua, saa ulizokaa ndani, kama ulikuwa na barakoa. Saratani ikija baada ya miaka 20, utaulizwa ulifanya kazi wapi na uliguswa na nini, na kichwa hakikumbuki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na sheria yake inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Mjomba hana hata ukurasa mmoja. Na ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, hata kama umekulia mtoni, usiishie duka la dawa. Mwambie daktari unazima moto, yeye hataota.

Nyumbani koti haliingii tena. Mke wangu alinitengea pipa lenye mfuniko nje, karibu na bomba, na beseni jekundu ambalo watoto wanajua haliguswi. Binti amefundishwa kusubiri. Anakaa mlangoni na taulo langu.

Mjomba sasa anarudi hospitali kila baada ya miezi mitatu kupimwa kwa kamera. Jumapili iliyopita nilipita kwake asubuhi nikitokea zamu, nikamkuta kibarazani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha badala ya kuniuliza habari za watoto akachukua leso yake nyeupe, akailowesha, akaniambia niiname. Akanipangusa shingo, akanipangusa nyuma ya masikio. Leso ilitoka na kijivu kidogo, upande wa kushoto. Akanielekeza bomba lilipo.