Ukurasa wa madeni ya ukoo

Shangazi alinipigia simu asubuhi, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Baba, mwenye duka hapa mtaani kanitajia deni langu la umoja wetu mpaka senti ya mwisho. Kalijuaje?"

Kalijua kwa Google. Tovuti ya umoja wa ukoo niliitengeneza mimi, na orodha ya michango na mikopo niliipandisha mimi, kwenye ukurasa ambao sikuuweka kwenye menyu. Nikajiona nimeuficha. Kumbe faili la ramani ya tovuti, lile linalojitengeneza lenyewe, lilikuwa linautaja kwa kila aliyepita.

Nikakimbilia njia ya mkato: msimbo wa JavaScript unaouliza nenosiri kabla ukurasa haujaonekana. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akafungua chanzo cha ukurasa kwenye kompyuta, akanisomea nenosiri kwa sauti, kisha akaendelea na majina ya wadaiwa. Vyote vilikuwa vimeshafika kwenye kivinjari chake; nilichokifanya ni kuchora mlango ukutani.

Anayetakiwa kukataa ni seva, ile kompyuta inayotunza tovuti na kuituma kwa wasomaji. Yetu ni ya kukodi na inatumia programu ya Apache, kwa hiyo nilihamishia kila kitu kwenye folda moja, zikiwemo PDF za mihtasari ya vikao, ambazo nusura nizisahau nje. Humo nikaweka faili la maagizo kwa Apache, linaloitwa .htaccess, lenye mistari hii:

AuthType Basic
AuthName "Wanachama tu"
AuthUserFile /home/ukoo/siri/.htpasswd
Require valid-user

Mstari wa tatu, unaotaja lilipo faili la manenosiri, ulinila jioni nzima. Mwanzoni niliandika jina la faili tu, nikiamini Apache italitafuta palepale lilipo .htaccess. Haifanyi hivyo: njia isiyoanza na mkwaju (/) inahesabiwa kuanzia folda kuu ya seva yenyewe. Kisanduku cha kuingilia kilitokea vizuri, nikajaza, nikapigwa kosa 500, yaani hitilafu ndani ya seva. Kumbukumbu za makosa ndizo zilizonieleza kuwa faili la manenosiri halifunguki. Nilipoandika njia kamili, pakafunguka. Faili lenyewe liko nje ya public_html, folda inayoonekana kwenye wavuti, mahali ambapo hakuna anwani ya wavuti inayoweza kulifikia.

Nikatoa nenosiri moja kwa ukoo mzima. Siku hiyohiyo mjomba akalibandika kwenye kundi la WhatsApp la harusi, lenye watu ambao hata siwajui.

Basi kila mtu akapata lake. Nilimuingiza shangazi kwa amri ya htpasswd -c -B, ambapo -B inalisaga nenosiri kwa bcrypt, mbinu ya kulificha isiyorudishwa nyuma, ili hata mimi nisilisome. Kisha nikamuingiza mjomba kwa amri ileile, halafu baba mdogo. Jioni shangazi: "Linanikataa." Ile -c maana yake ni kuanzisha faili jipya, na nilikuwa nimemfuta yeye na mjomba kwa mkono wangu. Kuanzia mtu wa pili, -c inaachwa.

Kitu kimoja nilikifanya kabla ya kumpa mtu yeyote jina la kuingilia: cheti cha HTTPS, kinachofunga mawasiliano yasisomwe njiani, kile cha bure cha Let's Encrypt. Njia hii ya Basic hutuma jina na nenosiri kwa Base64, ambayo yeyote huifumbua kwa sekunde. Bila HTTPS, anayechungulia Wi-Fi ya mgahawa anajiokotea tu. Google nako niliomba ukurasa uondolewe kwenye matokeo, maana kufunga mlango leo hakufuti kilichokwishanakiliwa jana.

Shangazi sasa anaingia vizuri, ila alikuwa na swali. "Nikimaliza, natokaje?" Nikamweleza kwamba Basic haina kitufe cha kutoka, kivinjari kinaendelea kukumbuka hadi kifungwe chote, siyo ukurasa tu.

"Haya," akasema. "Mimi nitakuwa nazima simu."