Na wao wamefungwa miaka mingapi?

Jamani lazima niwaambie hii ikiwa bado ya moto.

Usiku huu tunakula huku redio inaongea, taarifa ya habari. Mtu mmoja kafungwa miaka 30 jela. Barabara imefungwa sababu ya mafuriko, waziri naye kafunga semina. Ikaja michezo, timu yetu imefungwa mbili bila.

Mwanangu, yuko darasa la kwanza, kijiko kikabaki hewani, punje za wali zinadondoka mezani moja moja.

"Baba, na wao wamefungwa miaka mingapi?"

Sikucheka kabisa, maana machozi yalishamlengalenga, kipa wetu anampenda mno.

Nikamweleza taratibu kwamba mpira ukiingia wavuni ndo kufunga, nikampa mfano wa Samatta pale Wembley 2020, fainali ya Kombe la Ligi kule Uingereza, yeye alifunga ila timu yake Aston Villa wakafungwa 2-1 na Manchester City.

"Kwa hiyo aliyefunga na yeye kafungwa?"

Ndiyo mwanangu.

Kakaa kimyaaa anawaza. Mara bibi yake akaita toka jikoni, "Kesho Jumatatu nimefunga, chai yangu msiweke!"

Mtoto akageuka akautazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi. Ule uso sitausahau, yani nilimuona kabisa anajaribu kumpanga bibi yake kwenye lile neno.

Hapa kalala, mimi bado nawaza nilimweleza vizuri au nimemchanganya zaidi.

Wenye watoto wadogo, nyie hili neno mnawaelezaje? Na "kupiga" je?