Mkanda wenye matundu saba

Saluni ninayonyolea huku Mbagala kuna katuni imebandikwa pembeni ya kioo, ilikatwa kwenye gazeti siku nyingi mpaka karatasi imekuwa rangi ya chai ya rangi, na mkasi uliomega ulikula na sahihi ya mchoraji. Jamaa kakonda, kifua wazi, kaptula viraka, kashika mkanda kiunoni. Mkanda una matundu saba, la saba unaona kabisa limetobolewa na msumari, na pembeni kuna bwana mmoja wa suti na kitambi anamwambia "bado kidogo." Basi, hakuna namba hata moja. Lakini kila anayekalia kile kiti anacheka kwanza, halafu anaguna.

Mimi bajeti ya serikali ya 2025/26 niliisikiliza redioni pale Juni 2025, shilingi trilioni 56.49. Sasa trilioni ni nini jamani? Kichwa changu kinaishia kwenye milioni, na milioni yenyewe ya vikoba. Waziri akisoma masaa mawili mimi natoka na vitu viwili tu, bia na mafuta. Mchoraji yeye anachukua zile trilioni zote anazishusha mpaka kwenye kiuno cha mtu mmoja, unaelewa bila kufundishwa.

Halafu huo mkanda kwa Tanzania una historia yake. Baada ya vita ya Kagera, 1979, Mwalimu aliwaomba watu wafunge mikanda miezi 18. Mzee wangu mpaka leo ukimuuliza hali anakwambia "ile miezi kumi na nane haijaisha." Kwa hiyo kijana akiiona hiyo picha anaona njaa ya leo, mzee anaona foleni ya sukari ya enzi hizo, mchoro ni uleule.

Kitu kingine wachoraji wanachokipenda ni mkoba. Si unajua waziri akifika bungeni lazima auinue wapiga picha wapate yao. Kumbe hata neno lenyewe bajeti, ukilifuata nyuma, linatoka kwenye kimkoba cha ngozi, Wafaransa wa zamani walikiita bougette, na kule Uingereza mwaka 1733 waziri mkuu wao Walpole alipotaka kuongeza ushuru wa mvinyo na tumbaku wapinzani wakamkejeli kwamba anafungua mkoba wake kama mganga wa mtaani anayeuza dawa za uongo. Wachoraji nao wakauchora ule ushuru kama joka la vichwa vingi. Watu wakachachamaa, Walpole akaurudisha muswada wake kabatini. Yaani dhihaka na bajeti ni ndugu tangu zamani.

Sisi joka letu lilikaa kwenye simu. Tozo ya miamala ilianza 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja kutegemea unachotuma, juu ya makato ya kampuni ambayo yalikuwepo tayari. Siku hizo na mimi nikajitia mchoraji, nikachora kwa peni samaki mnene anatumwa kwa simu kutoka Dar, akifika kwa mama kijijini kabaki kichwa na miiba. Nikapiga picha nikatupia kwenye grupu la familia. Shangazi akajibu "na wa kwangu uje hata huo mwiba," watu wakacheka kweli, ila ba'mdogo ambaye ni mtumishi wa serikali akaleft kimyakimya, mpaka Idi ndo akarudishwa. Septemba ile tozo ikapunguzwa asilimia 30, wala sisemi ni samaki wangu.

Sasa dukuduku langu. Nampenda mchora katuni Masoud Kipanya na yule panya wake anayetupa neno moja likakuuma siku nzima, nampenda na Gado, mchoraji Mtanzania mwenzetu aliyeingia gazeti la Nation kule Nairobi 1992 akawa anawachora wakubwa bila kuwapaka mafuta. Ila katuni nyingi za uchumi huku kwetu mwananchi ni yuleyule, mwembamba, pekupeku, anakodoa macho, hasemi kitu. Anaonewa vizuri sana, yaani mpaka kuonewa kumekuwa ndo kazi yake.

Ndo maana Kenya 2024 ilinishtua. Muswada wa fedha umekuja na kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na vijana tayari walishambatiza Rais Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mkuyu. Jina lenyewe lilikuwa katuni tosha, unachora mti na mtu juu, hata asiyejua kuchora anaweza, na chini umati unapiga kelele "Zakayo shuka." Huyo mwananchi wa chini ya mti ana mdomo! Tarehe 25 Juni wakaingia mpaka bungeni, watu walikufa kwa risasi siku ile na hapo hakuna cha kuchekea, kesho yake Ruto akasema ule muswada hausaini.

Juzi nimeenda kunyoa nikakuta kwenye ule mkanda mtu kaongeza tundu la nane kwa peni ya bluu. Nikamuuliza kinyozi nani kafanya, akanigeuza kichwa akasema "tulia kaka nisikukate." Na bei imepanda mia tano.