Shaaban ya Skrini ya Buluu

Mombasa, Shaaban ni mwezi wa harusi. Kila mwenye mwari ndani hutaka shughuli iishe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na Juni ya mwaka 2014 duka la Ami pale Kibokoni, Mji wa Kale, lilikuwa limefurika kadi. Lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha saiba: kompyuta za wateja zimepangwa ukutani, mashine ya fotokopi iliyotaka kupigwa kibao cha ubavu ndipo ianze kazi, na nyuma ya kaunta kompyuta ya Ami mwenyewe, ambayo sote tuliiita mashine ya kazi. Kadi zote zilitengenezwa humo. Na humo ndimo mlimokuwa na mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, Windows XP na Ubuntu.

Ubuntu niliiweka mimi. Nilikuwa nasomea kompyuta, nikitoka darasani nakaa dukani kwa Ami, na kilichonichosha kilikuwa flashi. Wanaoikumbuka miaka ile watanielewa. Mteja anakuja kuchapisha barua ya kuomba kazi, ukiichomeka tu flashi yake, mafaili yote yamegeuka shotikati, na kufumba na kufumbua mashine yako nayo imeshaambukizwa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Microsoft walikuwa wamesitisha marekebisho ya usalama ya XP. Kununua Windows mpya, Ami hakutaka kusikia. Tarehe 17 ya mwezi uleule ikatoka Ubuntu 14.04, ya bure, na virusi vile vilivyoandikiwa Windows havikuwa na ubavu juu yake. Basi nikaigawa diski. Sehemu ya kwanza ikabaki XP na CorelDRAW ya kutengenezea kadi. Iliyosalia ikawa Ubuntu ya kufungulia flashi za watu. Ukiwasha unaletewa menyu ya GRUB, ya rangi ya zambarau, uchague unakotaka kwenda. Usipogusa kitu kwa sekunde kumi, inaingia Ubuntu.

Ami hakuipenda menyu ile tangu mwanzo. "Nyumba moja, wake wawili," alisema, "na mdogo ndiye anayefungua mlango." Kuanzia hapo Ubuntu ikaitwa mke mdogo, na kila lililoharibika dukani, hata wino wa printa ukikauka, alisingiziwa yeye.

Asubuhi ya mkasa wenyewe Ami alinipigia simu nikiwa bado kwenye chai. "Ndoo dukani sasa hivi. Mke mdogo amemtoa mkubwa."

Nilimkuta kashika kiuno. Alichagua XP mbele yangu ili nione kwa macho yangu. Nembo ya Windows ikatokea, kile kimstari cha chini kikakimbia kidogo, halafu skrini ikamweka rangi ya buluu, haikusomeka hata herufi, na mashine ikajizima na kujiwasha. Tukarudi kwenye zambarau. Akachagua tena, yakawa yaleyale. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Makadara, anayemwoza bintiye wa mwisho, buibui amelikunja magotini na uso hauna salamu. Kadi zake mia tatu zilikuwa zichapwe siku ile. Karatasi alishazilipia.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi hayo ya kompyuta siyajui. Nataka kadi."

Ami alikuwa ameshamwita fundi wake wa Mwembe Tayari, mtu mwenye mkoba uliojaa bisibisi na maneno. Yeye hakuhitaji kuangalia sana. Alisema GRUB imeila Windows, anaziona kila siku kesi hizi, dawa ni moja: kuformati diski nzima, yaani kuifuta yote, kuweka XP peke yake, na hiyo Linux, yaani Ubuntu, wasiiguse tena. Alisema kwa upole wa daktari anayekwambia mguu ukatwe. Ami akaitikia kwa kichwa. Mama wa Makadara, aliyesema hayajui ya kompyuta, naye akaitikia.

Hapo ndipo nilipoona hoja ina tundu. GRUB si dubwana. Kipande chake cha kwanza kinakaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, ambayo ina baiti 512 tu, na hapo pamebanana pia orodha ya sehemu za diski. Kazi yake ni kukuonyesha menyu na kukukabidhi kwa mfumo uliouchagua, akishakukabidhi, ameondoka. Na sisi nembo ya Windows tulikuwa tunaiona. Maana yake XP ilishapokea usukani, ikaanza safari yake yenyewe, na ikaangukia mbele huko. Nilimweleza fundi hivyo. Akanitazama, akamtazama Ami, akasema vijana wa chuo wana maneno.

Nikaingia Ubuntu. Ilifunguka bila shida yoyote. Nikaifungua na ile sehemu ya XP, nikakuta kila kitu mahali pake: kadi, fonti, hesabu za duka, picha za Ami alipokwenda Umra. Kwanza nikanakili kadi zote kwenye flashi safi, kwa sababu ukiwa na mtu wa kuformati chumba kimoja nawe, huwezi kujua. Kisha nikajaribu njia ya mkato. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi upande wa Ubuntu, ilikuwa tayari inaweza kusoma mafaili ya CorelDRAW, nikaifungua kadi ya Makadara humo. Maua yakaja, kingo za dhahabu zikaja. Maandishi ndiyo yaliyonitia aibu. Fonti hazikuwepo upande ule, mistari ikapandana, na Bismillahi ya juu herufi zake zikaachana, kila moja imesimama kivyake. Mama akainuka kwenye benchi, akainama karibu na skrini.

"Mwanangu ndiye huyu?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya jina la bi harusi, ambalo nusu lilikuwa mstari mmoja na nusu mstari wa chini. Nikaifunga haraka.

Nikairudia XP. Safari hii nilibonyeza F8 mapema, nikaizuia isijiwashe upya ikianguka, ili ile buluu isimame niisome. Ikasimama. Chini kulikuwa na namba 0x0000007B. Hiyo husema jambo moja: Windows imeanza kuamka, lakini diski inayotakiwa kuamkia haiioni. Sasa tazama. Diski ni ileile moja, na Ubuntu imetoka kuisoma sasa hivi, mpaka picha za Umra. Kwa hivyo diski nzima, waya mzima. Kilichobadilika ni namna mashine inavyozungumza na diski, na hilo haliamuliwi na XP wala Ubuntu. Linaamuliwa chini yao wote wawili, kwenye BIOS, ile programu ndogo ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya mfumo wowote.

Sikulifikia hilo kwa akili peke yake, nisijisifu. Nilikuwa nimerudi Ubuntu kutafuta maelezo, na intaneti ilikuwa bado haijashika, mara adhana ya adhuhuri ikaanza, msikiti baada ya msikiti. Kwa mazoea nikatupa jicho kwenye saa ya pembeni ya skrini. Ilisema saa tisa na kitu usiku. Nikaibonyeza. Tarehe: 1 Januari 2008.

Nikamgeukia kijana anayefungua duka asubuhi. "Ulipoiwasha leo, iliandika lolote?"

"Iliandika Kizungu kingi kwenye kioo cheusi," alisema. "Mwisho ikataka F1. Nikaipa."

Ikataka F1, akaipa! Siku hizi nikifikiria namna watu tunavyokubali masharti ya programu bila kuyasoma, humkumbuka. Ule Kizungu ulikuwa unasema kumbukumbu ya BIOS imepotea na mipangilio ya kiwandani imerudishwa.

Mengine yalijifungua yenyewe. Mashine ile ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, na kiwandani diski yake ilipangwa itumie njia ya AHCI. Diski ya kuwekea XP haina draiva ya AHCI, yaani programu ya kuijulia njia hiyo, kwa hivyo aliyeiweka zamani, mtu tusiyemjua, alibadilisha BIOS ikawa IDE, njia ya zamani zaidi, XP ikakaa, na hakuna aliyeligusa tena. Ubuntu ina draiva za njia zote mbili, hivyo wala haikujua kama kuna kilichobadilika. Usiku uliopita BIOS ilisahau, ikarudi AHCI. Mke mkubwa akaamka hana ufunguo, na mdogo, ambaye ufunguo wowote humfaa, ndiye akashikwa ugoni.

Lakini kwa nini usiku ule? Stima Mombasa hupotea mara nyingi, na mashine ilikuwa haijawahi kusahau. Ami mwenyewe ndiye aliyejibu, bila kujua anajibu. Kwenye mtaa ule duka moja lilikuwa limepiga shoti na kutoa moshi, na tangu jana yake akaamua kufunga duka akishazima swichi kubwa ya ukutani. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata ikizimwa, umeme kidogo huendelea kuingia na kuihifadhi saa na mipangilio. Ukikata wote, inabaki betri ya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ile yetu ilitosha kuvuka saa moja ya giza. Usiku kucha haikuweza.

Niliingia BIOS, nikarudisha IDE, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi. XP ikafunguka na mlio wake. Fundi wa Mwembe Tayari alikuwa anakunja mkoba. Mama wa Makadara alisema alhamdulillahi kwa sauti iliyofika barabarani, kisha papo hapo akataka kujua zitakuwa tayari saa ngapi.

Printa ikaanza kufanya kazi, nami nikamwachia kijana kadi, maana betri ilikuwa haina budi kubadilishwa kabla ya kufunga duka. Nilisubiri mzunguko wa kwanza wa kadi uishe, tukaizima mashine, nikaifungua. Vumbi la ndani lilikuwa na unyevu, hewa ya bahari haiachi kitu, na kwenye kile kibanio cha betri kulikuwa na ukungu wa kijani. Nikausugua kwa kifutio cha penseli mpaka chuma kikang'aa. Betri yenyewe CR2032, milimita 20 kwa upana na 3.2 kwa unene, iliyotakiwa kutoa volti 3. Nikaipeleka kwa fundi saa aliyekuwa na kimeza chake karibu na Marikiti. Mzee aliiweka chini ya ile lenzi yake ya jicho moja kana kwamba ni saa ya dhahabu, akaigusa na nyaya za mita, akanisomea: moja nukta tisa. "Hii imekufa zamani," alisema, "ni heshima tu iliyokuwa imebaki." Akafungua bati la peremende lililojaa betri, akanichagulia mpya.

Jioni kadi zilikuwa zimefungwa kwa mpira, mia mia. Mama alizihesabu zote, moja moja, benchini, na mtu asithubutu kumsemesha. Nami nikamweleza Ami kisa chote tangu mwanzo, AHCI na IDE na betri na swichi yake ya ukutani. Alisikiliza vizuri. Akauliza maswali ya maana, hata akataka kuishika betri ya zamani. Kisha akaniambia niibadilishe menyu, XP iwe ndiyo inayoingia yenyewe usipogusa kitu.

"Lakini Ami, si tumeona Ubuntu haikuwa na kosa?"

"Nimeona," alisema. "Mkubwa atangulie vilevile."

Nikafungua faili ya mipangilio ya GRUB, nikabadilisha mstari mmoja, nikaiamuru isome upya. Wiki iliyofuata nilimsikia akimweleza mteja kwamba kompyuta yake iliwahi kuharibiwa na mke mdogo, ikabidi anunuliwe betri ndipo atulie.