Nyigu wa milimita mbili aliyenibakisha chuoni

Ukimwambia mtu unafundisha baiolojia chuo kikuu, kwanza anakuonesha kitu kinachomuwasha mkononi, ukimjibu mi sio daktari wa watu anahamia swali la pili, sasa kwa wiki unaingia darasani masaa mangapi, na ukitaja anakuangalia kama mtu anayelipwa kulala.

Hayo masaa ya darasani ndo kipande kinachoonekana tu. Kuna kuandaa vipindi vya maabara, kuna kusahihisha, kuna kusimamia projekti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao wote wanakumbuka kukutafuta wiki moja kabla ya kukusanya, kuna vikao, yaani vikao jamani, halafu kuna kuandika maombi ya fedha za utafiti ambayo mengi yanarudi na barua ya upole sana inayosema hapana. Utafiti wenyewe ndo unaokupandisha cheo, kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, uprofesa mshiriki na kuendelea, ila kwenye ratiba unapewa masaa yaliyobaki baada ya kila mtu kuchukua yake. Sasa mtu akiniuliza kwanini bado nipo, jibu langu ni nyigu.

Sio hawa wakubwa wanaokung'ata ukigusa kiota chao. Naongelea nyigu wa mitini, mdudu wa kama milimita mbili hivi ambaye watu wengi wanamchukulia ni kavumbi tu.

Nilifikaje kwake? Shahada ya kwanza nilipenda mimea kuliko wenzangu wengi, hasa kwa sababu darasa la botania lilikuwa na watu wachache na hadubini ilikuwa haigombaniwi. Kwenye uzamili nikahamia wadudu. Ilipofika uzamivu nikawa sitaki kuacha upande wowote, na mtini ni mti unaotaka mtu wa hivo hivo, manake huwezi kuuelewa bila mdudu wake na mdudu huwezi kumuelewa bila mti.

Kwanza tini lenyewe sio tunda kama tunavyodhani, ni kama kifuko kilichofungwa na maua yote yako ndani, mamia au maelfu kutegemea na aina. Nje huoni ua hata moja. Kuna kitundu kidogo tu kwenye ncha, kimezibwa na magamba yaliyobanana, na nyigu jike mwenye chavua anajisukuma kupitia hapo kwa nguvu mpaka mabawa yanakatika, na mara nyingi vipapasio navyo vinavunjika. Akishaingia harudi. Anachavusha maua, anataga mayai kwenye baadhi ya hayo maua, anafia humo humo. Wiki kadhaa baadae wanae wanakomaa, madume wanatangulia kutoka kwenye vivimbe vyao, yaani yale maua yaliyotagiwa yakavimba, hawana mabawa na macho yao karibu hayafanyi kazi, wanawatafuta majike ambao bado wamo ndani ya vivimbe, wanawapanda, halafu wanachimba njia ya kutokea nje ambayo wao wenyewe haiwasaidii kitu kwa sababu wengi wanakufa hapo hapo. Majike wanabeba chavua wanatoka, na kuanzia hapo wana kama siku moja au mbili za kuishi na kutafuta mtini mwingine, wa aina ile ile, wenye matini yaliyofikia hatua ile ile. Wanafuata harufu na upepo. Huko jangwa la Namib nchini Namibia watafiti walipima vinasaba vya miche ya mikuyu, ambayo nayo ni mitini, wakagundua chavua ilikuwa inasafirishwa mpaka kilomita 160, utafiti umetoka 2009, na mbebaji ndo huyo huyo wa milimita mbili.

Mitini ipo zaidi ya aina 750 duniani na nyingi zina nyigu wake au kundi dogo la nyigu wake, na ushirikiano huu una makumi ya mamilioni ya miaka.

Kila mwaka nikifika hapa darasani kuna mkono unanyooshwa nyuma, ticha kwahiyo tukila tini tunakula nyigu? Jibu ni kwamba matini mengi yanayouzwa yanatoka kwenye aina zinazoiva zenyewe bila kuchavushwa, hakuna mdudu aliyeingia. Kwenye zile zinazohitaji nyigu, tini lina kimeng'enya kinaitwa fisini kinachovunja protini, kwahiyo mwili wake unasagika kwa sehemu kubwa. Na hapo huwa naongeza stori ya California, ambako miaka ya 1880 wakulima walileta mitini ya Smyrna kutoka Uturuki, miti ikakua vizuri kabisa ila matini yakawa yanadondoka machanga, mwaka baada ya mwaka. Kule ilikotoka wakulima walikuwa wananing'iniza matini ya mwituni yenye nyigu kwenye matawi, kitu kinachofanyika tangu enzi za Wagiriki wa kale, Aristotle mwenyewe aliwaandika wale wadudu, lakini California wapo waliodhani ni ushirikina wa wanakijiji. Mpaka nyigu walipoletwa na kuzoea mazingira mwaka 1899 ndo mavuno yakaja. Mi hii stori naipenda kuliko nyingi zilizomo kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza.

Ila kilichoniteka mimi ni hesabu ya madume. Nyigu jike anachagua jinsia ya mtoto: yai lililorutubishwa linakuwa jike, lisilorutubishwa linakuwa dume. Ronald Fisher, mwanatakwimu na mwanabaiolojia wa Uingereza, alishaeleza mwaka 1930 kwanini wanyama wengi wanazaa nusu kwa nusu. Sasa mwaka 1967 mwanabaiolojia mwingine wa Uingereza, W. D. Hamilton, akaonesha kwamba kama watoto wa mama mmoja ndo watakaopandana wenyewe kwa wenyewe mahali pamefungwa, kuzaa madume wengi ni hasara, ndugu watakuwa wanagombania dada zao tu, kwahiyo mama azae wachache wa kutosha kazi. Wakiingia mama wawili au watatu hali inabadilika, watoto wa kila mmoja sasa wanashindana na watoto wa wengine, idadi ya madume inatakiwa ipande kuelekea nusu. Na mwaka 1985 Edward Allen Herre akahesabu nyigu wa mitini ya Panama na mwelekeo ukawa ndo huo huo, mama wakiongezeka madume wanaongezeka. Mdudu mwenye ubongo usioonekana kwa macho anabadilisha uwiano wa watoto kufuatana na hali aliyoikuta chumbani!

Kwahiyo kipindi changu cha maabara ninachokipenda ni kukata matini yaliyo karibu kufunguka, kuhesabu mabaki ya mama ndani, kisha madume na majike, na kuchora grafu. Hakuna mashine ya gharama, ni wembe, hadubini na uvumilivu. Mwanafunzi aliyekariri uteuzi wa asili kwa ajili ya mtihani anakaa pale anahesabu kwa mkono wake na namba zinaanza kumwambia kitu, na wengine namba zao hazikubali, hapo ndo kunanoga zaidi kwa sababu tunaanza kuulizana labda kuna nyigu wa aina nyingine wamechanganyika humo, wale wasiochavusha, wanaotaga kwa kuchoma tini kutokea nje na mirija yao mirefu kama nywele. Wezi kabisa.

Nawalazimisha pia kuchora. Wanalalamika sana, simu si ipo ticha, tupige picha. Picha wapige, sawa, lakini mtu anaweza kupiga picha ya nyigu bila kuona ana miguu mingapi, kuchora huwezi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenionya, ukimaliza uzamivu unakuwa unajua kitu kimoja chembamba sana, halafu chuo kinakuajiri kufundisha mwaka wa kwanza kila kitu, leo usanisinuru, kesho figo, keshokutwa mzunguko wa Krebs. Miaka ya mwanzo nilikuwa nasoma usiku nafundisha asubuhi. Baiolojia nyingi ninayoijua nimeipata hapo, sio kwenye tasnifu, na mpaka leo naona mhadhiri anayekwepa mwaka wa kwanza anajinyima.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni swali ambalo watu wa mitini wamelibishania miongo mingi: kwanini nyigu hatagi kwenye maua yote? Akitaga kwenye yote mti unakosa mbegu, manake ua lenye mtoto wa nyigu halitoi mbegu, lakini yeye kwa siku yake moja hilo linamhusu nini? Kuna wanaosema maua ya upande wa nje yanafikiwa na wale wezi wenye mirija mirefu, kwahiyo watoto walio karibu na katikati ndo wanasalimika na mama anapendelea huko. Kuna ushahidi pia kwamba baadhi ya mitini inadondosha matini ambayo nyigu ametaga bila kuchavusha, yaani inaadhibu. Mi naegemea ile ya wezi, ingawa mwanafunzi wangu wa uzamili ameegemea ya adhabu na ananibishia kila tukikutana. Matini ya msimu huu ameshayafunga vifuko vya kitambaa ili achague mwenyewe nyigu gani anaingia wapi, yakikomaa tunayakata.